Afisa wa Ardhi Aliyekalishwa Uani

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha Kangemi, mtaa wa Nairobi nilikokulia, mpaka leo. Nikipita duka la rangi karibu na Kenyatta Market, ninakoenda kusukwa ingawa nywele zenyewe zimebaki chache, namwona mama yangu amesimama mbele ya ukuta wa jikoni. Ukuta una alama kubwa ya X ya nyumba za kubomolewa, nyekundu, bado inachuruzika. Serikali ilitaka kupitisha barabara kwenye ploti yetu. Ilikuwa yetu kweli. Baba aliinunua kabla hajafa, na hatukuwa na pengine pa kwenda.

Afisa wa ardhi alikuwa akiingia nyumba moja moja, anafunga mlango, anaongea kwa sauti ya chini. Watu walitoka humo bila kusimuliana walichoambiwa. Alipofika kwetu, mama alishapanga viti uani na kuwaita majirani kwa chai. Kwao Kakamega, jambo la boma halisikilizwi na mtu mmoja.

"Mama Nafula, tuingie ndani."

"Ndani kuna moshi. Sema hapa."

"Haya ni mambo ya siri."

"Barabara pana hivyo, siri?"

Majirani wakacheka. Afisa akasema, macho kwenye kikombe, kwamba tuhame kwanza, fidia itafuata. Mzee Mutua, fundi viatu wa mlango wa pili, akamkata: "Lakini mimi uliniambia hakuna fidia." Mama Nduku naye: "Na mimi ukaniambia nikikataa nitafungwa."

"Sasa tushike ipi?" mama akauliza, taratibu kabisa, huku akimwongezea chai.

Afisa akaweka kikombe chini, akaaga. Wiki iliyofuata alirudi na mkubwa wake, ambaye alisema mbele ya wote: tutalipwa kwanza, jikoni na migomba vitahesabiwa, na asiyeridhika aende kortini. Ikawa hivyo. Tulilipwa, tukahama, nyumba ikabomolewa ikiwa tupu. Barabara mama aliikubali. Kudanganywa akiwa peke yake ndiko alikokataa. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini ujasiri nauona nikiuona, na ule wa mama haukupandisha hata sauti.

Siku hizi haki hiyo ya kulipwa na ya kwenda kortini imeandikwa kwenye Katiba, na pale mtaa wa Hurlingham mawakili wamejaa. Tumesonga mbele, siwezi kukataa. Wanangu wameninunulia nyumba kwenye ghorofa ya tatu, maji ya moto yapo, na mlango unatazamana na wa mtu nisiyemjua hata jina. Alama ile ikichorwa kwenye ukuta wetu kesho, sheria nitakuwa nayo. Wa kumwita nje tusikilize pamoja ndiye sijui nitampata wapi.