Upande wa Pili wa Santuri ya Temeke

Bendi yetu ilikuwa mali ya kiwanda. Mchana tulikuwa wafanyakazi kama wengine, mie karani wa stoo, mwenzangu fundi wa mashine. Jumamosi tulivaa mashati ya kola ndefu tukapiga muziki kwenye ukumbi wa kiwanda, Chang'ombe. Mie nilipiga gitaa la besi, yeye aliimba. Alikuwa Mzaramo wa Temeke hasa, mie Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na sikumbuki kumwita kitu kingine zaidi ya mtani.

Santuri tulitoa moja tu. Vijana walitaka fanki, tukawapa fanki, lakini ya kwetu. Mtani alitunga wimbo wa kuisifu Temeke, mtaa kwa mtaa, mpaka visima na minazi, mpaka wanawake wa Tandika na maringo yao. Kama zilivyokuwa santuri ndogo za wakati ule, wimbo uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza aliimba yeye. Upande wa pili maneno yalishakwisha, vyombo vinachemka tu, besi langu mbele.

Kiwanda kilipofungwa, sote tulipunguzwa kazi. Ufunguo wa stoo ulikuwa bado kwangu. Kabla mfilisi hajaja kuorodhesha mali, nilitoa katoni ya santuri zilizobaki nikaipeleka nyumbani Kinondoni. Nilijiambia nazihifadhi. Lakini maduka yalishajaa kanda, magramafoni watu wameyatupa, na mke wangu, kama wake wa wenzangu wote, alikuwa ameanzisha mradi. Wake ulikuwa vyombo vya maua. Santuri unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ikilegea unaikunja kingo kwa vidole, ikipoa imekuwa kibakuli chenye mawimbi. Unatia maua ya plastiki, basi. Akina mama walivigombania. Sitamsingizia mke wangu. Niliketi naye uani nikazichemsha kwa mikono yangu mpaka katoni ikawa tupu. Hata moja sikubakiza.

Miaka ikapita, mtani akaugua koo. Sauti ikaondoka, akabaki na mnong'ono. Nilipokwenda kumtazama, hospitali ilikuwa imeshamrudisha nyumbani. Akanishika mkono.

"Mtani, ile santuri yetu. Stoo si ulikuwa wewe?"

"Mfilisi alichukua vyote."

"Wajukuu zangu wananijua hivi tu, nachakura kama panya kwenye gunia. Nataka wanisikie. Halafu nife zangu."

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe aliamka na ugonjwa wake akaenda mjini kumtafuta mfilisi. Alikwenda mara tatu. Walimkalisha kwenye benchi, wakamwambia kitu kama hicho hakimo kwenye orodha. Mkewe ndiye aliyenieleza. "Shemeji, hebu nenda naye wewe mwenye kujua makaratasi." Nikasema nitakwenda. Sikwenda.

Badala yake nikaanza kuitafuta santuri, Kariakoo, Ilala, Tandika, kwa kila mtu niliyesikia ameweka vitu vya zamani. Nikaipata nilipokuwa nimeacha kutafuta, siku niliyokwenda kuhani msiba Gongo la Mboto. Nilipita kwa kinyozi. Ukutani palining'inia santuri ndogo, imepakwa rangi nyeupe, juu yake imeandikwa KUNYOA, NDEVU, WATOTO. Niliitambua kwa kipande cha karatasi ya katikati ambacho rangi haikukifikia. Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeusi, safi.

"Mzee, hilo bango langu," kinyozi akasema.

"Nitakuandikia jingine zuri kuliko hili."

Nikamwandikia kwenye boksi, kwa hati yangu ya ukarani, akafurahi.

Niliazima gramafoni kwa jirani, nikafika Temeke baada ya swala ya adhuhuri. Mtani aliposikia nimekuja na nini, akaomba aketishwe. Wajukuu wakajipanga mkekani. Niliweka ule upande safi, maana ndio uliopigika. Vyombo vikaanza, na besi.

"Huo wako," akanong'ona. "Geuza."

"Upande wako kinyozi kaupaka rangi, mtani."

"Geuza tu."

Nikageuza. Sindano ikapanda juu ya rangi, ikakwaruza, ikateleza. Pahala fulani tulisikia sauti yake, pumzi moja, "Teme—", kisha mkwaruzo tena. Mjukuu mmoja akacheka. Mtani naye akacheka kwa mabega.

"Kinyozi gani huyo? Kweli kuna mtu anapaka santuri rangi? Bila shaka Mnyamwezi mwenzio."

Hapo nikashindwa. Yule kinyozi alipaka moja, mie nilichemsha katoni nzima. Nikamwambia. Lakini nilimwambiaje! Nilijificha kwenye utani. Mtani akikamata kuku wako huna ruhusa ya kununa, basi nikamwambia nikichekacheka, "Sasa mtani, za stoo nilizila mie. Tulizifanya vyombo vya maua. Utanishtaki wapi?"

Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Mlizichemsha?"

"Tulizichemsha."

"Na mjini nilikuwa nafuata nini?"

Mkewe, aliyekuwa anamimina chai, aliiweka birika chini na kikombe changu kikiwa nusu.

"Haya, bwana," mtani akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniita bwana. "Weka upande wako."

Nikaweka. Watoto wakainuka kucheza, muziki ule unachezeka. Yeye aligeukia ukuta, akausikiliza mpaka mwisho, na mie nikalazimika kukaa pale nikijisikiliza.

Nilikwenda tena mara mbili kabla hajafariki. Mara zote mbili mkewe alinipokea mlangoni, akaniambia amelala.