Folda Iliyozoea Chumvi ya Jirani

Wacha niwaambie hii aibu mwenyewe kabla muisikie kwa dadangu Akinyi, maana yeye akiisimulia mtacheka mpaka mlie, na mimi bado inaniuma. Akinyi anafundisha shule moja ndogo pale mtaa wa Olympic, na ndiye alimwapia mwalimu mkuu eti mdogo wake wa Gatina ametengeneza programu ya kuonyesha wazazi matokeo ya watoto ukutani. (Akinyi mwenyewe alikuwa mwalimu wa muda, anangoja kuandikwa kabisa, kwa hivyo jina lililokuwa hatarini si langu.)

Asubuhi ya mkutano wa wazazi akaniambia, "Beba laptop yako." Nikamjibu, "Sis, ya nini na niko na flash?" Nikakopi folda ya programu, nikatoka nikipiga mluzi. Mjinga mimi!

Basi ukumbi umejaa wazazi, mwalimu mkuu amenisifu mpaka nimeona haya, nachomeka flash kwa kompyuta ya shule, nabonyeza, na ukutani inatokea, herufi kubwa: Cannot find module, yaani kuna kifaa haikipati. Nikabonyeza tena (labda haikunisikia!). Yawa! Na internet ya shule siku hiyo imelala, siwezi kupakua kilichokosekana.

Sasa sikieni ujinga wenyewe. Programu ya JavaScript ikihitaji kifaa, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari, inakiita kwa jina, inakitafuta kwanza ndani ya folda yake, ikikosa inapanda folda ya juu, halafu ya juu yake, mlango kwa mlango, kama mpangaji anayeomba chumvi kwa ploti. Yangu ilikuwa inaomba miezi yote bila mimi kujua! Vifaa nilikuwa nimeviweka folda ya nje, na kwa flash nikabeba ile ya ndani peke yake.

"Lakini kwangu inafanya kazi," nikasema, tena kwa sauti.

Mama mmoja wa mbele akajibu, "Basi twende kwako sote." Watu wakavunjika mbavu.

Akinyi hakucheka. Alitoa daftari kwa mkoba, akasimama, akasoma matokeo yote, jina kwa jina, na wazazi wakaacha kucheka, wakamsikiliza. Muhula uliofuata aliandikwa kabisa. Mwalimu mkuu alisema amependa mtu anayejipanga.

Tangu hapo sipeleki programu kwa watu kabla ya kuijaribu kwa mashine ngeni, naapa. Lakini tangu nilipomweleza Akinyi hiyo habari ya chumvi, hata nikienda kwake kula tu, ananisimamisha mlangoni: "Umekuja na chumvi yako?"