Homa Iliyokataa Kupanda

Jirani yangu Okumu, aliyechomelea mabehewa ya reli miaka thelathini, alikuwa hajawahi kulazwa hospitali. Ana miaka sabini na tisa, na hapa Makadara anayemshinda kwa ubishi ni mimi tu. Kipimo chake cha ugonjwa ni kimoja: kiganja kwenye paji la uso. Pakiwa moto, unaumwa. Pakiwa baridi, nenda kazini.

Mwezi wa Julai akaanza kuacha ugali nusu. Kikohozi kilikuwa kidogo, cha kusafisha koo tu. Jumanne mkewe, Apondi, akaniita mbio: Okumu ametia chumvi kwenye chai, na anamwita yeye, mkewe, kwa jina la dada yake mwenyewe.

Nikaweka kiganja, maana daktari wa ploti hii ni mimi, bila cheti. Baridi kama sufuria ya jana.

"Huyu hana homa, mama. Ni uvivu wa uzee."

"Huyu mume wangu hajawahi kunikosea jina," Apondi akasema. "Wacha udaktari, Muoki. Mshike huo mkono mwingine, twende."

Kwenye kliniki, daktari Wacera alimsikiliza kifua, akakunja uso. Nimonia, mapafu yote mawili. Tungengoja siku mbili, tungempoteza.

"Bila homa?" nikauliza. "Daktari, hiyo ni hesabu gani?"

"Mzee, homa ni moto ambao mwili unawasha ukipigana na vijidudu. Mwili uliozeeka wakati mwingine hauwashi, au unawasha kidogo hata mkono usijue."

"Kwani askari wake wamestaafu?"

Akacheka. "Wapo. Ila wapya wanazaliwa wachache, na wakongwe wanachelewa kuitika. Kwa mzee usingoje joto. Tazama kama amechanganyikiwa, ameacha kula, anapumua mbiombio."

Mimi niliishia darasa la sita nikiwa wa kwanza, waongo watasema wa nne, lakini hilo hakuna mwalimu aliyewahi kunifunza.

Okumu akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa oksijeni. Siku nne hakusema neno la maana, na Apondi hakubanduka kando ya kitanda.

Siku ya tano nikaingia wodini. Okumu akanitazama kutoka juu hadi chini, polepole.

"Muoki, nani amekuvalisha viatu visivyofanana?"

Nikaangalia. Kimoja cheusi, kingine cha kahawia.

Apondi ndipo alipolia.