Kwenu Kabisa ni Wapi

Nina teksi, na kituo changu ni Luano, kwenye uwanja wa ndege. Wageni nawabeba kila wiki, na kuna swali lao moja linalonichoma mpaka leo. Hawaniulizi nina watoto wangapi. Kabla hatujatoka hata kwenye maegesho, mgeni ameshasoma mahali fulani kwamba mji huu una watu wa aina mbili, wenyeji na wale waliokuja kutoka mkoa wa Kasai, na anataka kujua mimi ni wa aina ipi. Mmoja aliniambia kwa upole, kalamu mkononi, kwamba nina uso wa watu wa Kasai. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Lubumbashi. Akacheka, akasema sawa, lakini asili yako? Nikafungua redio kwa sauti kubwa mpaka hotelini.

Hao nimewazoea. Wanakuja, wanaandika, wanaondoka. Nisiowazoea ni wenzetu.

Mwaka huu binti yangu wa mwisho alipata nafasi ya kusomea uuguzi Lusaka. Ilibaki karatasi moja tu, cheti cha uraia, na kama kisingefika kabla ya Ijumaa nafasi ingekwenda kwa mwingine. Jumatano asubuhi tukaenda ofisini pamoja. Fomu ilikuwa na mistari ya jimbo la asili, teritwari, yaani wilaya, sekta na kijiji. Binti yangu akajaza kwa mwandiko wake mzuri wa shule, na penye kijiji akaandika Naviundu, mtaa wetu. Hapo ndipo alipozaliwa, nami nilizaliwa hapo hapo. Karani, mwanamume wa rika langu mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akamrudishia karatasi.

"Mama, hii ni fasi unaikala. Miye nakuuliza kwenu kabisa ni wapi."

"Ni hapa, papa. Sina fasi ingine," binti yangu akamjibu.

"Kila muntu iko na mugini yake. Mwenye hana mugini, ule iko mugeni."

Alisema hivyo, kwamba asiye na kijiji ni mgeni, bila chuki yoyote, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango wa choo, na hapo ndipo damu iliponichemka. Babu yangu aliletwa huku kujenga reli. Kaburi lake liko hapa, la baba yangu liko hapa, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha serikali anamwambia mjukuu wao kwamba ni mgeni. Nilimwambia yote hayo, tena kwa sauti. Watu waliokaa kwenye benchi wakaanza kutazama dari. Karani alingoja nimalize, kisha akatazama saa yake.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa mdogo, baba alinikaririsha teritwari, sekta na kijiji kila jioni kabla ya kula, mpaka nikavijua kuliko sala. Nilipokua nikamuuliza hicho kijiji kiko upande gani. Akasema hajui, na babu naye hakukijua. Lilikuwa jina la kituo cha treni. Mzungu aliyekuwa akiandikisha wafanyakazi hakuwa na muda wa kumuuliza kila mtu, basi aliandika kituo kimoja kwa behewa zima, na watu wa pande kumi wakateremka huku wakiwa wa kijiji kimoja. Sisi tumekuwa tukikinakili toka wakati huo, na kila serikali imekipokea.

Nikachukua kalamu mkononi mwa binti yangu, nikafuta Naviundu, nikaandika kituo cha treni. Karani akatabasamu, akagonga muhuri, akatupatia cheti.

"Ona sasa, papa. Ulikuwa unakasirika bule."

Ndani ya gari binti yangu alikaa nyuma, kama abiria.

"Papa, ile mugini ulishaka kuiona?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini umeandika?"

"Juu uende kusoma."

Mimi ndiye niliyesema njia nzima. Nilimtukana karani, nikawatukana wageni wa Luano na kalamu zao, nikamtukana na yule Mzungu wa behewa aliyekwisha kufa zamani. Tulipofika nyumbani bado nilikuwa natukana.

Getini alisimama mwanamke na ndoo ya vyombo vyake. Nina vyumba viwili vya kupangisha uani, na alikuwa amesikia kimoja kiko wazi. Alinisalimu kwa heshima. Sikumuuliza jina wala kazi. Nilimuuliza anatoka wapi.

"Hapa hapa Naviundu, papa. Ngambo ya muto."

"Hapana," nikamwambia. "Kwenu kabisa."

Wenye nyumba wote mtaani tunauliza hivyo. Kuna watu wa pande fulani niliokwisha kuwanyima vyumba hivyo, na usiku nililala vizuri. Yule mwanamke akainamisha macho, akanitajia teritwari, kisha sekta, kisha kijiji, haraka haraka bila kusita, kama mtoto aliyekaririshwa.

Binti yangu alikuwa hajaingia ndani. Alisimama nyuma yangu na cheti chake mkononi, amesikia kila neno. Akanipita, akaichukua ile ndoo, akamwambia mwanamke, "Karibu, mama," na wakaingia uani wote wawili. Hakunitazama.