Kompresa Nyekundu ya Bi Mwanatabu

Huko Mtongwe, Likoni, hakuna asiyemjua Bi Mwanatabu, aliyeachiwa gereji ya uani na marehemu mumewe, Boga, akakataa katakata kuifunga. Watu walisema ataichoka. Mwaka wa kumi na moja huu, hajaichoka. Pikipiki za mtaa mzima yeye ndiye azipulizaye rangi, na ukimwambia hiyo ni kazi ya wanaume, atakwambia uwapelekee hao wanaume.

Kompresa yake ya zamani, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, ilipokufa, alimwita Anwar. Huyu Anwar hakumzaa, alimnyonyesha. Mamake alifariki akijifungua, Mwanatabu naye ana mwanawe kifuani, akawapa ziwa wote wawili. Kwa hivyo ni mtoto wake, hakuna mjadala, na hata kazi ya rangi alimfundisha yeye.

"Mama, Miritini kuna mtu anauza, aitwa Morgan. Wallahi hutajuta."

Wakashika njia ya Dongo Kundu hadi pale yanapoegeshwa malori. Morgan alikuwa na kompresa mbili. Moja kubwa, kuukuu, imechubuka kila mahali. Ya pili nyekundu, inang'ara kama gari la harusi.

"Hilo dude ni chuma chakavu," Anwar akasema. "Chukua nyekundu, mama."

Sasa, Bi Mwanatabu haitazami kompresa usoni, huitazama tumboni. Huchutama, akafungua nati iliyo chini ya tangi, pale panapokusanyika maji, akayakinga kiganjani. Yakiwa meupe, tangi ni zima. Yakiwa kama chai, kutu imekula ndani, na tangi lililoliwa ukilijaza upepo hupasuka kama bomu. Hapo alikuwa keshakunja buibui, keshachutama.

Anwar akamwinamia sikioni. "Mama, waipima mashine au wanipima mimi? Mbele ya watu?"

Akainuka. Yeye aliyebishana na machifu wasimweze, akainuka kwa neno la mtoto wa ziwa lake. Maana kumpima mwanao mbele ya mgeni si ustaarabu. Akalipa, wakaondoka na ile nyekundu.

Siku ya nne rangi ikaanza kutoka na madoadoa. Tangi la pikipiki ya Kaviha, mteja wake, alilipuliza mara tatu, na mara tatu likamharibikia.

"Bibi, nilitaka pikipiki nyeusi, wewe wanipa chui!"

"Cheka tu. Chui wako umfuate Alhamisi."

Kaviha alipokwenda zake, Bi Mwanatabu akachutama, akafungua ile nati. Chai, tena iliyoiva. Akatwaa msasa akaisugua kompresa tumboni. Chini ya nyekundu ikatokea kijani. Chini ya kijani, ule udongo ambao mafundi huzibia mabati ya magari. Chini ya udongo, tundu la kuingia kidole.

Akauweka msasa chini. Si kwa lile tundu. Kwa kile kijani. Yeye ndiye atangulizaye mkono mmoja wa rangi ya kijani chini ya kila rangi, apate kujua msasa umefika wapi. Likoni nzima hakuna fundi mwingine afanyaye hivyo, na alimfundisha mtu mmoja tu.

Ijumaa Anwar akaingia hadi uani bila hodi, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

Tangu azaliwe hajanyimwa marahaba. Siku hiyo alinyimwa.

"Hii kijani, Anwar, ni mkono wa nani?"

Anwar akatazama tangi, akatazama viatu vyake. "Morgan alisema nikimzibia ile mashine na kumpatia mnunuzi, rangi za malori yote atanipa mimi."

"Nami wajua huweka sikio kwenye tangi nisikilize upepo. Wajua."

"Ningekuja kukwambia, mama."

"Lini? Kwenye hitima yangu?"

Bi Mwanatabu akachukua tindo na nyundo, akalitoboa lile tangi mbele ya macho ya Anwar, asije akauziwa mwingine. Kisha akenda Miritini peke yake, akachutama mbele ya madereva wote, wacheke wakitaka. Maji ya lile dude kuukuu yakatoka meupe. Akalichukua, Morgan hakumtazama hata usoni.

Anwar huja bado. Hupiga hodi nje, akangoja. Bi Mwanatabu humwitikia, humtandikia mkeka barazani, akamletea chai katika kikombe cha wageni.