Siku Niliyomsifia Kiboko Unene Wake Kule Garsen

Jamani, kuna mambo mtu humwambia mkewe tu, tena kwa kunong'ona, na hili lilikuwa moja katika hayo, lakini kwa kuwa mmeshalisikia vipande vipande kutoka kwa watu wa Lamu (na kila kipande kimeongezwa chumvi), bora niseme mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, mcheke mara moja yaishe. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyeingizwa sokoni Garsen nimejaa tope mpaka kwenye kope, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nyuma yangu wanawake wanapiga kelele, na mbele yangu amesimama mzee yule yule niliyetoka Unguja kuja kumtafuta.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa namnunulia ngozi na samli tajiri mmoja wa Unguja, kazi iliyonipeleka Tanga, Pangani, Mombasa, Lamu na kwingineko, na wenzangu wakifika ugenini hutafuta mkahawa na karata, lakini mimi hutafuta njia ya miguu. Sijui nilizaliwa na nini. Tanga niliingia kwenye mapango ya Amboni nikatoka na kinyesi cha popo kichwani, Lamu nilipanda vilima vya mchanga vya Shela jua la utosi mpaka wenyeji wakadhani nimepoteza pete. Na safari hii nilikuwa na darubini! Nilikuwa nimeinunua mnadani, mali ya baharia mmoja aliyerudi kwao, nyeusi, nzito, jicho moja lina ukungu kidogo, lakini kwa jicho la pili ungemwona ndege wa ng'ambo ya pili anavyopepesa macho. Nikaivaa kifuani kama nishani.

Nilifika Garsen kwa lori kutoka Malindi, nimekuwa mwekundu kwa vumbi, nikafikia kwa Komora, Mpokomo mmoja mpole aliyekuwa na hoteli ya chai na vyumba viwili vya wageni. Tajiri wangu alikuwa ameniambia neno moja tu: nimpate Mzee Galgalo. Huyu alikuwa mkubwa wa wafugaji wa Kiorma waliokuwa wameteremka na ng'ombe zao mtoni kwa ajili ya kiangazi, na akikubali yeye kuuza, wote wanauza, akikataa yeye, unapanda lori unarudi kwenu mikono mitupu. Komora alikuwa ameshanipangia. Mzee atakuja hotelini baada ya sala ya adhuhuri.

Basi asubuhi nzima ilikuwa yangu, na mto ulikuwa pale, naisikia harufu yake! Nikamwambia Komora nakwenda kunyoosha miguu.

"Ngoja kidogo, Bwana Makame," akasema, anakanda unga. "Nikimaliza hapa nikupeleke mwenyewe. Huku kila njia ina wenyewe. Tena hiyo darubini yako iache, siku hizi serikali haipendi mgeni wa kuchungulia-chungulia."

Mimi nikacheka. "Nafika pale kwenye kona tu, narudi."

Hapo ndipo nilipojichongea, kwa sababu ile kona ilikuwa na kona nyingine mbele yake, na mto Tana, kwa mtu aliyekulia kisiwani ambako mto ni kijito cha kuvuka kwa kuruka, si kitu cha kuonja ukaondoka. Mpana, maji rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kimya kimya kama yana siri, kando yake mashamba ya mpunga na ndizi, kima wanarukiana juu ya mikuyu, korongo wamesimama kwenye tope wanakutazama kama makarani. Nilikuwa naongea peke yangu kwa furaha. Nikafuata njia pana iliyokanyagwa na ng'ombe wanapoteremka kunywa maji (wenyewe wanaita malka), halafu nikaona kichuguu kirefu kama nyumba, nikasema nani ataacha kupanda pale? Nikapanda. Kanzu nyeupe, koti, viatu vya ngozi, napanda kichuguu.

Yarabi! Juu pale niliuona mto wote unavyojikunja. Nikaweka darubini machoni, nikapekua huku, nikapekua kule, na mara, kwenye kidimbwi cha pembeni, nikaona masikio mawili. Masikio yakatikisika. Halafu likainuka gongo la mgongo, jeusi, linang'aa, kubwa kama mtumbwi uliopinduliwa, na kando yake jingine dogo. Kiboko na mtoto wake! Maisha yangu yote nilikuwa nikiwasikia tu. Nikasahau kwamba nina umri na kazi, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Huyooo! Lo, mnene huyo! Mnene, mashallah! Tazama mgongo huo!"

Kiboko akanipa kisogo. Mimi nikazidi: "Geuka! Geuka, mama, nikuone uso!"

Sasa, kitu nisichokijua ni hiki. Kati ya kichuguu changu na kile kidimbwi, chini ya ukingo wa mto, nyuma ya matete, palikuwa na mahali ambapo wanawake wa kambi ya Mzee Galgalo huoga wakishateka maji. Mimi siwaoni, wao hawanioni vizuri, wanaona kitu kinameta-meta juu ya kichuguu, na wanaisikia sauti ya mwanamume inasifu migongo na kuomba kuonyeshwa nyuso.

Zikapigwa kelele. Na mimi, badala ya kukimbia kama mwenye akili, nikafikiri, masikini, kiboko amewavamia watu! (Hapa nataka mnihurumie kidogo, nia yangu ilikuwa njema.) Nikateremka mbio, nikakata matete kwa kifua, huku napaza sauti, "Msiogope! Nakuja! Nakuja!" nikatokea katikati yao, wengine ndiyo kwanza wanajifunga nguo.

Kilichofuata sikukiona vizuri, kwa sababu macho niliyafumba, lakini nilikisikia. Kibuyu cha kwanza kilinipata begani. Cha pili kikanipata kichwani na kilikuwa na maji. Halafu likaja tope, tope kwa mikono miwili, na bibi mmoja mnene, mtu mzima, aliyekuwa ameshika fimbo, akawa ananitandika mgongoni huku anauliza kila pigo, "Mnene nani? Mnene nani?" Nikageuka nikimbie, nikaingia kwenye malka, na wakati huo huo ng'ombe nao wanateremka, pembe hizo, vumbi hilo, nikateleza, nikaenda kwa makalio mpaka chini, kiatu kikabaki kwenye tope la kwato na nadhani kiko pale mpaka leo. Nilipofumbua macho niliona miguu ya watu imenizunguka, na kando ya kila mguu kitako cha mkuki.

Hawakunipiga, nasema kweli. Walinisimamisha tu, wakanielekeza njia kwa mkuki, tukaanza kwenda Garsen. Ile njia niliyokuja nayo naimba, sasa narudi nayo mbele ya mikuki! Wanawake nyuma wanamsimulia kila tunayekutana naye, na kwa kuwa wapo Wapokomo na Wagiriama na Wasomali, simulizi ilibidi iwe ya Kiswahili ili wote wafaidi. "Amesema geuka! Amesema mama, nione uso!" Tulipofika sokoni, wauza maembe walikuwa wameshaacha maembe yao.

Na mlangoni kwa Komora, shuka nyeupe, kofia, bakora mkononi, alikuwa amekaa Mzee Galgalo ananingoja. Alikuwa amewahi.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu. Akamwuliza Komora, "Hii ndiyo mtu ya Unguja?"

Komora akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mzee."

Basi yule bibi wa fimbo akajitokeza, akasema naye kwa lugha yao, maneno mengi, na nikaona uso wa Mzee Galgalo unakaza, mshipa unamsimama kwenye kipaji. Akanigeukia.

"Wewe nakuja nunua ngozi," akasema, "ama nakuja angalia mama yangu?"

Mama yake! Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Kwa mbali namwona askari anakuja, nikajiona nimeshafungwa, jina la tajiri limeharibika, na kwetu mke wangu anasimuliwa kisa cha matete. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema, wallahi mzee, sikuwaona, nilikuwa nazungumza na kiboko. Hapo soko zima likapasuka kwa kicheko, cha kunizomea lakini. Nani anazungumza na kiboko?

Aliyeniokoa alikuwa bibi mwenyewe, Bi Hawo. Akanyoosha mkono. "Leta hiyo macho ya chuma. Twende. Kama kiboko iko, mimi taona. Kama hakuna..." Akaishika fimbo vizuri.

Tukarudi. Soko lote likarudi nasi, na askari, na Komora na unga wake mikononi. Bi Hawo akasukumwa juu ya kichuguu na wajukuu wawili, nami nikapandishwa kando yake, na nilikuwa naomba dua zote ninazozijua, maana kile kidimbwi kilikuwa kimetulia tuli, hata kiwimbi hakuna. Akaweka darubini kinyume, akasema, "Imekimbia mbali sana, hata mto imekuwa kamba." Nikamgeuzia. Akatazama. Akatazama tena. Na mimi nahesabu mbavu zangu zitakazovunjwa.

Mara maji yakafoka, pwaaa! na kiboko akainuka mpaka mabegani, akapanua kinywa chote.

Bi Hawo alipiga ukelele nusura atuangushe. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, machozi yanamtoka, akamwita mwanawe aliye chini: "Galgalo! Kweli iko! Kweli mnene!" Kisha akanigeukia amekunja uso. "Lakini mimi si mnene hivyo."

"Hata robo, mama," nikasema. "Hata robo."

Toka hapo hadi alasiri nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nimeshika kamba ya darubini, kila mtu wa Garsen anatazama kwa zamu, askari alitazama mara mbili, na Mzee Galgalo alipotazama yeye alikaa sana, kisha akashuka akaniambia ngozi nitapata, samli nitapata, ila darubini itabaki kwa mama yake, kwa sababu nimetia hofu pale wanawake wanapooga, na kutoka juu pale wataweza kumwona mamba kabla hajawafikia. Sikubisha. Nilimvalisha Bi Hawo mwenyewe, akashuka nayo kifuani, na wallahi ilimpendeza kuliko ilivyonipendeza mimi.

Niliondoka na shehena nzima, tajiri akafurahi, lakini habari iliniwahi Lamu, ikaniwahi Mombasa, na nilipoteremka Unguja wapagazi wa forodhani walikuwa wananiambia nigeuke wanione uso.

Kutembea sijaacha, hilo sitawadanganya, miguu bado inawasha nikiona njia. Lakini nimejiapiza: siendi tena mahali bila mwenyeji, na simsifii tena kiumbe yeyote umbo lake nikiwa nje ya nyumba yangu. Na kila nikikaribia maji, katika nchi yoyote ile, nasimama mbali, napaza sauti, "Hodi! Anapita mwanamume!" Pakiwa hapana mtu ila kunguru, napiga hodi vilevile, nangoja, ndipo napita.