Makande ya Jana

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaribia kukosa mume kwa sababu ya makande.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimekaa miezi sita kule Same, nikilea watoto wa karani wa reli, kisha nikarudi huku milimani na kopo la binzari na maringo mengi. Hata ukungu wa asubuhi niliuona wa kishamba.

Elieza alikuwa ameniposa. Nilimpenda, sifichi. Lakini kwao msichana haolewi kabla shangazi hajaonja chakula chake, na shangazi huyo alikwisha kuwakataa wawili.

Siku ya kuja kwake, bibi yangu alinielekeza kabla hajaenda shamba. Mvua zilikuwa zimetunyima msimu ule, mahindi machache. Akasema nipashe makande niliyopika jana, niyaponde na ndizi zilizobaki, kisha nitie kiungo chake: majani ya vitunguu aliyoyakausha juani, akayatwanga na pilipili na chumvi. Kando ya mafiga aliacha kibuyu cha maji ya majivu, yale tunayochuja kutoka majivu ya maganda ya maharage ili kulainisha makande. Hayo yalikuwa ya chungu cha jioni.

Nikaona aibu. Mgeni mkubwa vile, nimpe kiporo? Nikakificha nyuma ya kuni. Nikateka mahindi mapya ghalani, nikayainjika na maharage. Maji ya majivu niliyaona mambo ya kizamani, nikayamwaga mgombani. Mahali pake nikatia binzari, tena kwa mkono wa ukarimu.

Yakachemka tangu asubuhi hadi mchana. Kila nikionja, mahindi yananikazia macho.

Shangazi akafika. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaketi. Akala kijiko cha kwanza. Akatafuna. Bibi, aliyekwisha kurudi, akatafuna. Nyumba nzima ikasikika kama mbuzi wanaokula magunzi. Punje moja ikaruka kutoka kijiko cha shangazi, ikagonga mlango. Midomo yake ilikuwa njano hadi kidevuni.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “haya umeyapika, au umeyatisha tu kwa moto?”

Nilitamani sakafu inimeze. Kichwani nilimwona Elieza akiposa kwingine.

Bibi akatoka. Alikuwa amekwisha kukiona kile chungu nyuma ya kuni. Jikoni kwake hata panya alihesabiwa. Muda si mrefu akarudi na kiporo, kimepondwa na ndizi, kinanukia kitunguu na pilipili. Shangazi akala, akakomba bakuli kwa kidole.

“Nani kapika haya?”

“Huyu huyu,” bibi akajibu. “Jana.”

“Na leo alikuwa nani jikoni?”

“Leo alipika mtu wa Same.”

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, nayo ikapata madoa ya njano. Kisha bibi akamwonyesha kibuyu nilichokimwaga, naye akaacha kucheka. Akasema hatampelekea Elieza jibu mpaka anione nikichuja maji ya majivu kwa mikono yangu, badala ya yale niliyomwaga. Nikachoma maganda, nikakohoa, nikachuja tone kwa tone, naye amekaa ananitazama kama askari wa boma. Kibuyu kilipojaa, akakibeba kwapani.

“Hiki nakwenda nacho,” akasema. “Wewe utakuja baadaye.”

Basi nikaenda, na mwanangu, nimezeeka huko.

Ndiyo maana nakwambia: usikionee haya chakula kilicholala. Kiponde, kichanganye, kitie kiungo ulichotwanga mwenyewe, na mgeni mpe kile unachojua kukipika. Binzari si mbaya, lakini haiwezi kulainisha hindi, wala maringo hayawezi. Usimwage kitu cha mkubwa kabla hujamuuliza kina kazi gani.

Mungu akupe chungu kinachobakiza, na wageni wanaokomba bakuli. Na siku ukikosea, akuwekee bibi anayejua kuchungulia nyuma ya kuni.